Mkwaruzo wa Nyuzi za Gitaa Lililolegezwa: Chanzo na Tiba

Makala haya yananuia kueleza kwa nini nyuzi za gitaa kavu, yaani lisilotumia umeme, hukwaruza zinapolegezwa chini ya kiwango cha kawaida, na jinsi ya kuondoa kasoro hiyo bila kukiharibu chombo. Ifahamike mapema kwamba mvumo ndio sauti halali ya uzi. Mkwaruzo ni sauti ya uzi unaogonga chuma.

Mfano wetu unatoka Kaunti ya Tana River. Lahani ya Wimbo wa Taifa wa Kenya, ulioandaliwa mwaka 1963, ilitokana na wimbo wa kubembeleza watoto wa Wapokomo, wenyeji wa kingo za Mto Tana. Mpigaji anayetaka kuusindikiza kwa sauti nzito huweza kulegeza nyuzi zote kwa toni moja. Hapo ndipo mkwaruzo huzuka.

Chanzo chake ni cha kifizikia. Uzi wa sita, ambao kwa kawaida hutetema mara 82 kwa sekunde, sasa hutetema mara 73. Kwa kuwa mkazo hulingana na kipeo cha pili cha idadi ya mitetemo, tofauti hiyo ndogo hupunguza mkazo kwa takriban asilimia 21. Uzi uliolegea huyumba kwa upana zaidi na kugonga freti, yaani vyuma vyembamba vilivyokingama shingoni. Aidha, shingo isiyovutwa kwa nguvu ya awali hunyooka na kuzikaribia nyuzi.

Hali ya hewa nayo huchangia. Bangale ni kame. Mbao zikikauka, uso wa tumbo la gitaa hubonyea na nyuzi hushuka. Sifongo yenye unyevu, iliyotiwa katika kikopo kilichotobolewa na kuwekwa ndani ya mkoba wa gitaa, hupunguza athari hiyo.

Kamba hukatikia pabovu. Hivyo basi, kwanza tupatafute pabovu. Mkwaruzo ukisikika pale tu uzi unapopigwa bila kubanwa, mifuo ya kichwani imechimbika mno. Ukisikika katika freti tano za kwanza, shingo imenyooka kupita kiasi. Ukisikika kote, nyuzi ziko chini mno. Ukisikika mahali pamoja tu, freti moja imeinuka.

Tiba ya kwanza ni nyuzi nene zaidi. Unene ukiongezwa kwa takriban asilimia 12, mkazo uliopotea hurejea. Mkwaruzo ukibaki, fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo, kwa magitaa yaliyo nayo, ilegezwe kwa robo mzunguko, kisha gitaa lijaribiwe tena. Hatimaye, kipande kinachobeba nyuzi kwenye daraja kiinuliwe kwa kigae chembamba cha mbao: milimita 1 darajani huinua nyuzi nusu milimita kwenye freti ya 12.

Tiba hizi zote hutenguka zisipofaa. Tupa, kwa upande wake, haitenguki: freti iliyokwisha kulika hairudi. Kwa hiyo kusawazisha freti kuwe hatua ya mwisho, na kuachiwe fundi.