Umiliki wa Bunduki: Haki au Idhini?

Soko la Lubao, kando ya barabara ya Kakamega kuelekea Webuye, linasifika kwa biashara ya mbwa. Mwenye boma anayehofia wezi aghalabu hujinunulia mbwa, wala si bunduki. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi sheria inavyohusiana na mtazamo huo.

Nchini Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, huchukulia umiliki wa bunduki kuwa idhini. Mwombaji sharti aonyeshe kuwa ana sababu ya kutosha na kwamba hatahatarisha usalama wa umma. Kinyume chake, Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, huutaja umiliki huo kuwa haki. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ilithibitisha kuwa ni haki ya mtu binafsi. Kwa hivyo, Marekani serikali ndiyo hujieleza inapomnyima raia silaha. Kenya raia ndiye hujieleza anapoiomba.

Hata hivyo, sheria pekee haitoshi. Kaskazini mwa Kenya, wafugaji wanaohisi kuwa serikali iko mbali nao wamejihami kwa silaha haramu. Idhini huheshimiwa pale tu mwenye kuitoa anapowalinda wasiopewa.