Utafiti Hauna Fakulte Moja



Kila mwaka matokeo ya Exetat yakitoka, mazungumzo nyumbani ni yale yale. Mtoto akisema anaenda médecine, wazazi wanapiga simu kwa ndugu wote. Akisema polytechnique au droit, ni sawa pia. Lakini akisema histoire, wajomba wanaanza kuangaliana: "Iyo histoire atakula?" Na yule wa éducation physique ndiye anachekwa kabisa: "Bazazi banalipa minerval juu aende kuruka-ruka?" Hata sisi wa agronomie hatujapona. Nimemaliza licence, na bado kuna mama mmoja wa kwetu ananiuliza: "Miaka tano yote ya kujifunza kulima? Mie nalima tangu zamani, bila diplome."

Swali la mama yule ni zuri kuliko anavyofikiri. Chuo kikuu kinaongeza nini juu ya kile ambacho watu wanakijua tayari? Jibu ni utafiti. Maana yake ni kuuliza swali ambalo hakuna aliye na jibu lake, kisha kulitafuta kwa njia ambayo mtu mwingine anaweza kuirudilia na kuhakikisha. Kwa maana hiyo, mtu wa maabara, mtu wa archives na mtu wa uwanja wa mpira wanafanya kazi moja. Niwaonyeshe kwa mifano, nikianza na ile ninayoijua vizuri: muhogo.

Kule Kwango, tangu zamani kuna ugonjwa unaoitwa konzo. Mtu analala mzima, na kwa muda mfupi sana miguu inakakamaa. Mara nyingi ni watoto wenye zaidi ya miaka mitatu na wamama wenye umri wa kuzaa. Haiendelei kuwa mbaya zaidi, lakini pia haiponi: anayebaki na fimbo anabaki nayo maisha yote. Jina lenyewe ni la Kiyaka, na linachora mtu ambaye miguu yake ni kama imefungwa. Daktari Trolli aliandika juu yake mwaka 1938. Wenyeji, kumbe, walikuwa wameishaupa jina kabla ya kitabu chochote.

Sababu yake ni nini? Hapa njo fakulte zinaanza kuhitajiana. Watu wa chimie watakuambia kwamba muhogo mchungu una kitu kinaitwa linamarini, ambayo inatoa sianidi, sumu kali. Watu wa agronomie watakuambia kwamba wakati wa ukame sumu hiyo inaongezeka ndani ya mizizi, na kwamba mkulima hapandi muhogo mchungu juu ya ujinga: unastahimili udongo mbaya, na nguruwe na wezi wanauogopa. Watu wa nutrition watakuambia kwamba mwili unaweza kuivunja sianidi na kuitoa kwa mkojo, lakini unahitaji protini zenye salfa, zile za samaki, nyama na mayai. Ukila bugali ya muhogo asubuhi na jioni, na mboga peke yake, mwili unakosa silaha.

Lakini bado swali moja linabaki. Wamama wale walijua tangu mababu kwamba muhogo mchungu unalowekwa majini siku tatu. Sasa juu ya nini watu wakaanza kugonjwa? Jibu halikutoka kwa mikroskopu. Watafiti waliofanya kazi Bandundu, na kuchapisha matokeo mwanzoni mwa miaka ya 1990, walifuata njia ya biashara. Barabara ya kwenda Kinshasa ilipotengenezwa, wafanyabiashara walikuja na malori kutafuta muhogo, na soko la mji lilikuwa kubwa. Familia zilianza kufupisha kazi: badala ya siku tatu majini, siku mbili, ao hata moja. Barabara ambayo kila mtu aliiombea ikaleta pesa, na ikaleta pia sumu kwenye sahani. Kuona hivyo, unahitaji mtu anayejua kukaa na wamama, kuwasikiliza na kuelewa soko. Hiyo ni kazi ya sociologie, ya géographie na ya économie.

Haikuishia hapo. Daktari Désiré Tshala-Katumbay, Mkongo mtaalamu wa mishipa ya fahamu, pamoja na wanasaikolojia, walipima watoto wa Kahemba. Walikuta kwamba si miguu peke yake inaguswa: hata akili ya mtoto katika kukumbuka na kujifunza inapungua, na hata watoto wasio na konzo wanaoishi jirani nao wameguswa. Na nani anamfundisha mtoto mwenye miguu migumu jinsi ya kusimama, kunyoosha misuli, kutumia fimbo vizuri? Ni mtu wa kinésithérapie, yule aliyejifunza namna mwili unavyotembea. Yule wa "kuruka-ruka."

Msifikiri ni habari ya mbali. Mwaka 2011 watafiti walichapisha kwamba konzo imeonekana Burhinyi, hapa kwetu Kivu ya Kusini, katika eneo lililopigwa na vita. Vita vinakimbiza watu, vinaharibu mashamba na mifugo, na muhogo mchungu unabaki.

Dawa ya kuponya konzo haipo, lakini kuikinga inawezekana, na njia moja ni rahisi mpaka inashangaza. Howard Bradbury, mwanakemia wa Australia, alipendekeza hivi: weka unga wa muhogo kwenye beseni na uweke alama pale unga unapofikia. Changanya na maji kidogo-kidogo. Unga utashuka, kisha utapanda tena mpaka kwenye alama. Utandaze juu ya mkeka, tabaka nyembamba, saa mbili kwenye jua ao saa tano kivulini. Sianidi inatoka yenyewe kama gazi. Halafu unapika bugali siku ile ile. Wamama wa kijiji kimoja cha Popokabaka walifundishwa njia hiyo mwaka 2010, na wakati wote wa ufuatiliaji hakuna mgonjwa mpya aliyeonekana pale. Bila wamama kukubali, formula ya chimie ingebaki kwenye karatasi.

Sasa mtu anaweza kusema: sawa, sciences humaines ni nzuri kwa kusaidia médecine. Hapana. Zina maswali yao zenyewe. Mwaka 1965, huko Lubumbashi, mtu anayeitwa André Yav aliandika historia ya mji kwa Kiswahili cha pale pale, kwa niaba ya waliokuwa maboyi wa wazungu. Ni karatasi chache zilizopigwa kwa mashine, zinazoitwa Vocabulaire ya mji wa Elisabethville. Ndani yake ukoloni unaonekana kutoka jikoni: mshahara, posho, dharau. Johannes Fabian, mtaalamu wa anthropologie aliyefundisha Lubumbashi miaka ya 1970, aliichapisha pamoja na tafsiri na maelezo mwaka 1990. Archives za kampuni zimejaa hesabu za tani za shaba. Sauti ya aliyepika chakula cha bwana mkubwa hazina. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamefanya kazi ya namna hiyo kwa miaka mingi, wakikusanya kumbukumbu za wafanyakazi wa migodi na familia zao. Kila mzee anayekufa bila kuulizwa ni ushuhuda ambao hakuna mashine itakayourudisha.

Na mpira? Angalia viwanja vyetu: mawe, mashimo, vijana wanacheza bila kupasha mwili moto. Goti likivunjika, kijana amemaliza mpira, na pengine hata kazi ya mikono. Watafiti wa Norway na wenzao walitengeneza mazoezi ya karibu dakika 20 yanayoitwa 11+: kukimbia taratibu, kuimarisha misuli ya mapaja na tumbo, kusimama mguu mmoja, kujifunza kuruka na kutua vizuri. Hawakusema tu kwamba yanafaa. Waligawanya timu kwa kura, nyingine zikafanya, nyingine zikaendelea kama kawaida, halafu wakahesabu majeruhi. Jaribio kama hilo lilifanyika pia Lagos, kwa vijana wa ligi, na matokeo yalichapishwa mwaka 2014: majeraha yalipungua kwa 41%. Mazoezi hayo hayaombi mashine wala pesa. Mwanafunzi wa éducation physique akiyapima kwa timu za kata yake, kwenye viwanja vyetu vya mawe, amefanya sayansi kamili.

Nasema haya yote juu ya jambo moja linaloniuma. Wengi wenu sasa mnatafuta sujet ya TFC ao ya mémoire. Tunajua namna inavyoendaga: unachukua kazi ya mkubwa wako, unabadilisha jina la kata na mwaka, unatetea, unapiga picha na maua, na kitabu kinaenda kulala kwenye vumbi. Wakati huo kuna mama aliyeacha shamba lake saa nzima ili ajibu questionnaire yako. Hataona jibu hata siku moja.

Basi naomba vitu vitatu. Kwanza, chagua swali ambalo mtu fulani, unayeweza kumtaja, anahitaji jibu lake. Pili, kabla ya kuanza, vuka uwanja, nenda auditoire ya fakulte nyingine, uwaulize wao wangelitazama swali lako namna gani. Kama unafanya agronomie, tafuta mtu wa histoire: anaweza kujua kwamba kilima unachopima kilikuwa na mashamba ya kahawa ao malisho ya ng'ombe, na udongo unakumbuka. Tatu, ukimaliza, andika ukurasa mmoja kwa Kiswahili ao kwa lugha ya kijiji, urudi nao kwa wale waliokujibu. Ukurasa mmoja tu.

Na nyinyi wazazi na wajomba mnaosoma hapa, mtoto akisema histoire ao sport, msimuulize atakula nini kabla ya kumuuliza anataka kujua nini. Suala la kazi ni la kweli, mimi mwenyewe nalijua, na diplome ya agronomie haijanipa ofisi. Lakini kazi haipatikani kwa jina la fakulte. Inapatikana zaidi kwa yule anayejua kuona tatizo, kulipima, na kurudi na jibu ambalo mama yule wa kwetu, mwenye jembe mkononi, anaweza kulijaribu kesho asubuhi.