Je, wajua? Moto hautengenezi kilevi

Chibuku, pombe ya kuchachuka, na kachasu, pombe kali ya kienyeji, huanza safari moja: nafaka, maji na hamira. Hamira hula sukari, hutoa hewa ukaa na kilevi kiitwacho ethanoli. Kazi yote ya kutengeneza kilevi huishia hapo. Moto wa kachasu huja baadaye, na kazi yake ni kukikusanya tu.

Ukinunua Chibuku pale Mchesi, Lilongwe, ni lazima uitikise kwanza, maana machicha ya mahindi na mtama yametuama chini. Hamira imo ndani bado ikifanya kazi, ndiyo maana pakiti ya juzi ni kali kuliko ya leo. Lakini ukali huo una kikomo: kilevi kikikaribia asilimia 15, hamira nyingi hufa kwa sumu ziliyoitengeneza zenyewe. Hakuna pombe ya kuchachuka tu inayoweza kufika asilimia 40.

Kachasu huvuka mpaka huo. Wakimbizi waliopokewa katika kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, tangu 1994 si wageni wa kinywaji hiki. Waliotoka Katanga wanakijua kwa jina la lutuku. Madeya (pumba za mahindi) na sukari vikishachacha, pipa huwekwa motoni. Ethanoli huchemka kwa nyuzi 78, maji kwa 100, hivyo mvuke unaotangulia hubeba kilevi kingi zaidi. Unapita kwenye bomba lililolazwa ndani ya maji baridi, unarudi kuwa majimaji na kudondoka tone kwa tone, meupe pe. Machicha, vitamini na sehemu kubwa ya maji hubaki kwenye pipa.

Sasa piga hesabu. Nusu lita ya pombe ya asilimia 4 ina mililita 20 za kilevi. Pombe kali ya asilimia 40 ina kiasi hichohicho katika mililita 50 tu. Chibuku hujaza tumbo kabla ya kukuangusha, kachasu haingoji. Malawi Gin nayo hukenekwa, ila kiwandani ukali wake hupimwa na kuandikwa kwenye chupa. Kwenye pipa la uani hakuna anayeujua.

Hatari kubwa zaidi ni methanoli, kilevi chenye sumu, hasa ile ya viwandani inayochanganywa na wafanyabiashara wenye tamaa. Novemba 2000, pombe haramu iitwayo kumi-kumi, yenye methanoli, iliua watu zaidi ya 100 jijini Nairobi. Kuiwasha kiberiti hakusaidii, kwa kuwa methanoli nayo huwaka buluu. Ulimi pia hautaitambua.

Dalili huweza kuchelewa siku nzima au zaidi: ukungu machoni, kichwa kuuma, kutapika, kuhema kwa shida. Ukiona hivyo, usimwache mtu alale eti pombe zitamtoka. Mkimbize kituo cha afya cha kambi au Hospitali Kuu ya Kamuzu siku hiyohiyo, na useme wazi alichokunywa. Dawa ipo, ila akicheleweshwa anaweza kupofuka au kufa.