Monowi: mji wenye mkaaji mmoja, na namna ulifika pale

Wandugu wanafunzi na nyinyi mulio maliza masomo, kuko mji katika Marekani ambao serikali ilipohesabu watu mwaka 2010, ilikuta mkaaji mmoja tu. Jina lake Monowi. Watu wengi wanauchukua kama kichekesho. Lakini kwa mtu wa kilimo, Monowi ni somo: inaonyesha namna mashamba yanaweza kuendelea kuzaa vizuri, huku mji unaoyazunguka unakufa.

Tuanze na fasi yenyewe. Monowi iko kaskazini-mashariki ya jimbo la Nebraska, katika wilaya ya Boyd, kati ya mito miwili: Niobrara na Missouri. Eneo lake halifike hata kilomita mraba moja. Ni karibu 0.54. Kandokando ni vilima vya majani, malisho ya ngombe, na mashamba. Kipwa ni cha joto, majira ya baridi ni makali na theluji inaanguka. Udongo si mbaya, na hakuna volkano wala vita iliyofukuza watu. Sasa walienda wapi?

Kwanza tujue juu ya nini walikuja. Mji ulizaliwa mwanzoni mwa karne ya 20, wakati njia ya treni ilifika pale. Posta ilifunguliwa mwaka 1902. Wakati ule mkulima alilimisha farasi, na alipeleka mavuno kwa gari la kukokotwa na farasi. Hakuweza kwenda mbali na kurudi siku ileile. Ndiyo maana vimji vidogo viliota kando ya reli, karibu-karibu: kila kimoja na duka, posta, shule, kanisa. Monowi ilikuwa kimoja kati ya hivyo. Katika miaka ya 1930 ilikuwa na wakaaji zaidi ya 100. Haikuwa kubwa hata siku moja, lakini ilitosha kwa kazi yake.

Kisha trakta ikaingia, na gari la mafuta. Trakta moja ilifanya kazi ya watu wengi na farasi wengi. Mwenye makuta alinunua shamba la jirani aliyeshindwa. Tazameni hesabu ya jimbo zima: mwaka 1935 Nebraska ilikuwa na mashamba karibu 134,000, mwaka 2022 yalibaki karibu 44,000. Lakini ardhi inayotumika haikupungua sana. Ni ukubwa wa kila shamba ndio uliongezeka, kutoka hektari karibu 140 mpaka karibu 400. Kumbe fasi palipokuwa familia tatu, leo kuko moja.

Hapa ndipo kuko jambo ambalo projeti zetu nyingi hazihesabu. Familia mbili zikiondoka, haziondoke na mikono ya kulima tu. Zinaondoka na watoto wa shule, wateja wa duka, watu wa kanisa. Duka halifungwe siku mteja wa mwisho anaenda. Linafungwa mbele, siku wateja hawatoshi tena kulipa mwenye duka. Likifungwa, wale waliobaki nao wanaanza kufikiri kuhama. Katika Monowi, posta na maduka ya mwisho yalifungwa kati ya 1967 na 1970. Shule ikafuata mwaka 1974. Mwaka 1980 wakaaji walikuwa 18. Mwaka 2000 walibaki wawili, bwana na bibi: Rudy na Elsie Eiler. Rudy alikufa mwaka 2004, mama akabaki yeye peke.

Mama Elsie hakuacha mji ufutwe. Alikuwa meya, mwandishi, mtunza feza, mtunza biblioteki na mwenye nganda, yote pamoja. Ruhusa ya kuuzisha pombe alijipa mwenyewe. Kodi alijilipisha mwenyewe. Kila mwaka alipashwa kuandika mpango wa barabara ili jimbo litoe feza za malampi manne ya mji. Wakulima na madreva wa malori walitoka mbali kuja kula kwake. Kwa hiyo mji ulibaki mji juu ya karatasi zilizoandikwa kwa wakati, na juu ya fasi moja ambapo watu wangali wanakutana.

Mwaka 2020 hesabu ikasema wakaaji wawili. Nani aliongezeka? Hakuna. Ofisi ya hesabu inachanganya kidogo tarakimu za fasi ndogo ili mtu asijulikane siri zake. Katika mji mkubwa huwezi kuona tofauti. Katika Monowi iliongeza wakaaji mara mbili! Somo kwa wenye kupenda statistiki: fasi ikiwa ndogo, namba peke haitoshi, inafaa kujua namna ilipatikana.

Sisi huku Kongo hesabu ya mwisho ya watu wote ni ya 1984. Vimji vyetu vingi vina tatizo tofauti na la Monowi, watu wanazidi. Lakini swali linatugusa, juu sisi ndio tunaandika projeti za trakta na mashamba makubwa. Mimi sikatae trakta. Jembe la mkono linamaliza mgongo wa mama zetu. Ila tani kwa hektari ni nusu ya hesabu. Nusu ingine ni hii: mtu ambaye mashini imechukua kazi yake, atapata nini ya kufanya palepale? Kinu, kukausha mihogo, kutengeneza mashini, kuuzisha mbegu? Kama projeti haina jibu, mavuno yanaweza kupanda na shule ya kijiji ikafungwa mwaka uleule. Muliza hilo swali mbele ya kutia sahihi.