Unga Umekwenda Wapi?

Akina mama wengi siku hizi tunaendesha biashara: mgahawa, duka la vitenge, cherehani mbili tatu barazani. Mwanzoni mama hufanya kila kitu mwenyewe, na hesabu yote imo kichwani mwake na katika pindo la khanga. Kisha kazi inaongezeka, anaajiri binti mmoja, halafu wa pili. Hapo taabu huanza, kwa sababu hawezi kuwapo sokoni, jikoni na dukani kwa wakati mmoja. Atajuaje kwamba kazi inakwenda kama alivyokusudia?

Jawabu la wengi ni kuvizia. Mama hutokea ghafla, hupekua mifuko, humtuma jirani achungulie. Tunasema wazi kwamba huo si usimamizi. Meneja wa kiwanda chenye watu elfu moja hawezi kuwavizia wote, na bado anatakiwa kujua kazi inakwendaje. Anachofanya ni kuweka kipimo, kupima kazi iliyofanyika, kulinganisha, na kusahihisha palipopotoka. Mambo hayo yanawezekana hata kwenye kibanda cha maandazi.

Kipimo kwanza

Kilo moja ya unga inatoa maandazi mangapi? Ukiwauliza wenye biashara hiyo, wengi watakisia. Mama asikisie. Aingie jikoni pamoja na binti yake wa kazi, wapime kwa mizani ile ile, wakate kwa kikato kile kile, na waandike katika daftari kwa wiki mbili. Tuseme wamepata 41 siku moja, 39 siku ya pili, 43, 40, 38, na kuendelea. Sasa mama anacho kipimo chake: kati ya 38 na 43.

Hapa tusimame kidogo. Mwaka 1924, huko Marekani, mhandisi aitwaye Walter Shewhart alikuwa akifanya kazi katika kampuni iliyotengeneza vifaa vya simu. Aliwaandikia wakubwa wake karatasi fupi yenye mchoro, na mchoro huo ulibadilisha namna viwanda vinavyosimamiwa. Alionyesha kwamba kila kazi ina kupanda na kushuka kwake kwa kawaida, hata kama kila mtu anafanya kwa uaminifu. Lakini namba ikiruka nje ya mipaka ya kawaida, kuna sababu maalumu, nayo itafutwe. Yeye alipata mipaka yake kwa hesabu ndefu. Kwa jikoni, daftari la wiki chache linatosha kuanzia.

Kwa hiyo, jana yakitoka 42 na leo 39, mama asimgombeze mtu. Hakuna kilichotokea. Kumsifu binti jana na kumfokea leo kwa tofauti hiyo ni kumchanganya tu. Lakini leo yakitoka 31, hiyo ni habari. Na yakitoka 38 siku saba mfululizo, hiyo nayo ni habari, ingawa hakuna siku hata moja iliyovuka mpaka.

Sasa sababu itafutwe, na itafutwe katika vitu kabla ya watu. Pengine mfuko wa unga ulikuwa pungufu tangu dukani. Pengine kikato kipya ni kikubwa kuliko cha zamani. Mafuta yalizidi moto, mengine yakaungua. Watoto wa nyumbani wamepita jikoni. Au mwenye biashara mwenyewe alichota unga wa chapati za Jumapili bila kuandika, jambo ambalo, tukubali, hutokea sana. Wizi nao upo, lakini mama anayeanza na wizi hatayaona hayo mengine.

Kwa fedha, hesabu ya jioni ni hii. Chukua kilichokuwapo asubuhi, ongeza kilichonunuliwa, toa kilichobaki. Kama asubuhi kulikuwa na kilo 12, zikanunuliwa 10, na jioni zimebaki 7, basi zimetumika 15. Kwa maandazi 40 kila kilo, yatarajiwe 600 hivi. Toa yaliyobaki, yaliyoharibika na yaliyokopeshwa. Mengine yote yaonekane katika fedha. Na ikiwezekana, anayepokea fedha asiwe yeye huyo huyo anayeandika daftari. Vikundi vingi vya kuweka na kukopa vinalijua jambo hili: sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu.

Namba inaweza kuharibu

Tusidhani kwamba kila kipimo ni kizuri. Benki ya Wells Fargo ya Marekani ilikuwa na lengo kwamba kila mteja awe na akaunti na huduma nane za benki hiyo. Wafanyakazi wa matawi, wengi wao wa mishahara midogo, walibanwa kuhusu namba hizo kila siku. Namba zikapanda, na wakubwa wakafurahi. Mnamo Septemba 2016 serikali ilitangaza kwamba wafanyakazi walikuwa wakiwafungulia wateja akaunti bila idhini yao. Zilikadiriwa kufika milioni 2, na mwaka uliofuata makadirio yakapanda hadi milioni 3.5. Kwa muda wa miaka kama mitano benki iliwafukuza watu wapatao 5,300. Ilitozwa dola milioni 185, na mwaka 2020 ikakubali kulipa dola bilioni 3 zaidi. Kilichopimwa kilikuwa wingi wa akaunti, basi akaunti zikawa nyingi. Hata mama akimwambia binti, "Usipofikisha maandazi 43 usirudi hapa," atayapata 43, madogo kama ndimu, na wateja watahamia kibanda cha pili.

Njia nyingine ilitoka Japani. Mwaka 1924, mwaka ule ule wa Shewhart, Sakichi Toyoda alikamilisha mashine ya kufuma iliyojisimamisha yenyewe uzi ukikatika, badala ya kuendelea kutoa nguo mbovu huku mtu akiikodolea macho. Kampuni ya magari ya Toyota, iliyoanzishwa na mwanawe, ililichukua wazo hilo hadi kwa watu. Juu ya mstari wa kazi ilitundikwa kamba. Mfanyakazi yeyote akiona kasoro aliivuta, na kiongozi wake akaja kusaidia. Isiporekebishwa upesi, mstari mzima ulisimama. Aliyevuta kamba hakuwa ameharibu kazi. Alikuwa ametimiza wajibu wake.

Je, binti wa jikoni kwako anayo kamba ya kuvuta? Akiunguza karai zima saa kumi na mbili asubuhi, atakuambia, au atayafukia nyuma ya choo? Inategemea ulifanya nini mara ya mwisho alipokuambia.

Upungufu na mshahara

Limebaki jambo moja ambalo linawaumiza mabinti wengi: mwisho wa mwezi mama hukata mshahara kufidia kila kilichopungua dukani, bila kuuliza. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu hivyo. Ili mwajiri akate fedha za hasara, hasara hiyo iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi huyo. Mwajiri amwandikie sababu, kiasi na jinsi alivyokipata, na ampe nafasi ya kupinga. Asidai zaidi ya hasara yenyewe, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Mama asiye na daftari hawezi kuyatimiza hayo, maana hana cha kuandika. Mwenye daftari wakae pamoja Jumamosi jioni, walisome ukurasa kwa ukurasa, na binti naye awe na kalamu.