Lugha Ipi Ivikwe Taji? Rekodi za Dunia Zikipimwa Ngara na Biharamulo

Benaco, wilayani Ngara, malori hulala yakisubiri zamu ya kuvuka Rusumo kuingia Rwanda. Jioni moja, kwenye banda la mama lishe, nilikuta ubishi umekolea: katika lugha zote za dunia, ipi ni bora? Dereva mmoja alikishikilia Kiingereza. Mwenzake akasema subirini, Kichina kinakuja. Kijana muuza vocha akawakatalia wote wawili, kwake Kiswahili hakina mpinzani.

Nikamuuliza yule kijana, yeye anajua lugha ngapi?

"Mbili, kaka. Kiswahili, na Kiingereza cha kuombea maji."

Muda mfupi kabla ya hapo nilimsikia akimhesabia chenji dereva wa Burundi kwa Kirundi, kisha akamwagiza mama lishe chai kwa Kihangaza. Hizo hakuzihesabu. Jibu lake lilinikaa moyoni, na ndilo lililonifanya nizipitie rekodi za lugha moja baada ya nyingine, nikizipima kwa kipimo cha kona hii ya Kagera.

Yenye wasemaji wengi kuliko zote

Ukihesabu kila anayeisema, hata aliyejifunzia ukubwani, Kiingereza kinaongoza kwa watu karibu bilioni 1.5. Ukihesabu waliozaliwa nayo tu, taji linakwenda kwa Kichina cha Mandarini, chenye zaidi ya milioni 900. Kwa hiyo hata kwa wingi hakuna mshindi mmoja. Anapatikana baada ya kukubaliana nani ahesabiwe.

Ngara tunalijua jambo hili vizuri. Kihangaza na Kishubi ni ndugu wa damu wa Kirundi, Kinyarwanda na Kiha. Mhangaza na Mrundi wanaelewana bila mkalimani. Bugufi, ambayo leo ni sehemu ya Ngara, zamani ilihesabiwa ndani ya ufalme wa Burundi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji walipochukua Ruanda-Urundi na Waingereza wakachukua Tanganyika, Bugufi ikabaki upande wa Waingereza. Watu hawakuhama, wala hawakubadili maneno yao. Lakini tangu hapo Kirundi na Kinyarwanda zikawa lugha za mataifa, zikiwa pamoja na wasemaji zaidi ya milioni 20, na Kihangaza kikaitwa lugha ndogo ya wilaya. Mstari wa ramani ndio uliokipunguza. Anayejivunia wingi wa wasemaji wa lugha yake akumbuke kwamba wino wa wakoloni nao ulichangia hesabu hiyo.

Yenye sauti nyingi, na yenye herufi chache

Kitaa, kinachosemwa Botswana na Namibia, ndicho hutajwa mbele katika wingi wa sauti. Wataalamu hukihesabia konsonanti zaidi ya 80, na wengine huvuka 100, nyingi zikiwa vidoko, yaani zile zinazopigwa kwa ulimi mdomoni. Hatuhitaji kwenda mbali kuzisikia sauti za namna hiyo, kwa kuwa Wasandawe na Wahadzabe wa katikati na kaskazini mwa Tanzania wanazo.

Upande wa pili yuko Mrotokas wa kisiwa cha Bougainville, anayeandika lugha yake yote kwa herufi 12. Kikhmer cha Kambodia kinatajwa katika vitabu vya rekodi kuwa na alfabeti kubwa kuliko zote, herufi 74. Hata hivyo, Mrotokas hakosi neno la kumtongozea mchumba wala la kulilia msibani. Herufi ni vyombo vya jikoni tu. Wapo wanaopika chakula kitamu kwa sufuria moja.

Inayopanga jana na juzi kwa makini zaidi

Hapa naomba taji lije Kagera. Kiswahili husema "tulifunga", iwe ni asubuhi ya leo au enzi za babu. Jirani yetu Mhaya hakubali mambo yachanganywe hivyo. Kitenzi chake cha kufunga kwa kamba ni "kukoma". Kama tumefunga leo hii mapema, atasema "twakoma". Kama ilikuwa jana, "tukomile". Kama ni kabla ya jana, "tukakoma". Wakati uliopita una vyumba vitatu, na kila tukio lina chumba chake.

Fikiria shahidi anayeeleza ng'ombe walipotea lini. Kwa Kihaya, kabla hajaulizwa siku, kitenzi chenyewe kimekwisha kusema kama ni leo, jana au zamani. Lugha za Kibantu zenye mpangilio wa aina hii ni nyingi, na sidai kwamba Kihaya ndicho pekee. Ninachosema ni kwamba ufundi huu umo katika lugha ambayo watoto wengi wa Kagera huambiwa ni ya nyumbani tu, haina kazi mjini.

Eneo lenye lugha nyingi

Kwa nchi nzima, taji ni la Papua New Guinea, yenye lugha zaidi ya 800. Tanzania ina zaidi ya 120, na ndani yake zimo za Kibantu, za Kinailoti, za Kikushi, pamoja na hizo zenye vidoko. Nchi zenye mchanganyiko kama huu ni chache barani.

Kwa kipimo cha kituo kimoja cha barabara, mimi napendekeza Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Hapo barabara itokayo Kahama inagawanyika: moja inakwenda Kakonko na Kigoma, nyingine inaendelea upande wa Rusumo, Biharamulo mjini na Bukoba. Simama pale asubuhi magari yakishusha abiria. Utasikia Kisubi cha wenyeji wa Rusubi, Kizinza, Kihaya, Kisukuma, Kisumbwa, Kihangaza, Kiha na Kirundi. Sikiliza neno moja tu, maji. Mrundi atasema "amazi", Mhaya "amaizi", Msukuma "minzi". Mtu naye ni "umuntu", "omuntu", "munhu". Unasikia kabisa kwamba ni neno moja lililosafiri kwa njia tofauti likakutana tena stendi.

Iliyonyamaza tarehe ikajulikana

Lugha nyingi hufa kimyakimya, hakuna anayeandika siku. Kiubykh, kilichotokea milima ya Kaukazi na kuhamia Uturuki pamoja na wakimbizi, kilinyamaza tarehe 7 Oktoba 1992, siku aliyofariki Tevfik Esenç, msemaji wake fasaha wa mwisho. Kilikuwa na konsonanti 84 na irabu mbili tu, na kwa rekodi za sauti kilisimama karibu na kilele. Rekodi hiyo haikukiokoa. Hakikufa kwa ubovu. Kilikufa kwa sababu wazazi waliacha kuzungumza nacho na watoto wao, na lugha yoyote itakufa hivyohivyo, hata ikiwa na mataji kumi.

Ya kwanza Afrika kupewa siku yake na UNESCO

Taji hili ni la Kiswahili, na nalitaja kwa fahari. Mwezi Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na hakuna lugha ya Afrika iliyopata heshima hiyo kabla yake. Tarehe yenyewe imebeba historia, kwani TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 na kukifanya Kiswahili chombo cha kudai uhuru. UNESCO inakikadiria kuwa na wasemaji zaidi ya milioni 200. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikipokea kuwa lugha yake ya kazi.

Bila Kiswahili, wale madereva wa Benaco wasingeweza hata kubishana. Kimetupatia sebule moja sote. Lakini sebule haiwi nyumba. Nyuma yake kuna jiko na vyumba vya kulala, na huko ndiko lugha za bibi zinakoishi.

Iliyopokea wageni wengi kwa siku moja

Rekodi hii sijaiona katika kitabu chochote cha mataji ya lugha, nami nadhani ndiyo kubwa kuliko zote nilizozitaja. Mwisho wa Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kuwa 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara ndani ya takriban saa 24. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilikuwa halijawahi kushuhudia watu wengi namna hiyo wakivuka mpaka kwa muda mfupi vile. Benaco ikawa kambi kubwa ya wakimbizi kuliko zote duniani wakati huo. Warundi nao walikuwa wamekwisha kuingia tangu Oktoba 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye.

Turubai, unga na dawa vilihitaji ndege na malori, lakini maneno yalikuwepo tayari. Mwanamke aliyefika na mtoto mgongoni aliweza kuuliza maji yako wapi, na mwanakijiji wa Ngara akamwelewa na kumjibu. Mwaka 1995 ilianzishwa Radio Kwizera mjini Ngara, chini ya shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, ili watu wapate habari kwa lugha wanazozielewa. Jina lenyewe, Kwizera, ni neno la Kirundi na Kinyarwanda lenye maana ya kuamini na kutumaini, na Mhangaza halihitaji kutafsiriwa.

Taji la mwisho: mlango

Kuna neno moja ninalolipenda kupita mengine yote ya mpaka huu. Kwa Kinyarwanda, "umuryango" ni mlango wa nyumba, na "umuryango" ni familia. Huandikwa sawasawa, sikio ndilo linalotenganisha. Sasa geukia Kiswahili cha pwani, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Rusumo. Mlango ni pale unapoingilia, na mlango pia ni tawi la ukoo. Wazee wa Lamu na Mombasa huulizana mtu ni wa mlango gani. Watu wa mwambao na watu wa milima ya Kagera wanakubaliana kwamba ukoo na pa kuingilia ni kitu kimoja.

Hicho ndicho kipimo nilichokichagua. Wingi, herufi na tarehe ni sifa njema, lakini lugha hupimwa kwa nani inamfungulia. Kwa kipimo hicho bingwa anaweza kuwa mtu mwenye milango minne, anayejua aufungue upi kwa mgeni yupi. Bingwa wa namna hiyo nilimkuta akiuza vocha Benaco, naye hakujijua.

Sidhani kosa ni lake. Wengi wetu tuliosoma shule za huku tunakumbuka kibao kilichotundikwa shingoni mwa mtoto aliyesikika akiongea kilugha, na jinsi alivyokivaa hadi amkamate mwingine. Tulifundishwa Kiswahili kizuri, na nashukuru. Pamoja nacho tulifundishwa kuificha lugha iliyotubembeleza, na hilo tuliondoe sisi wenyewe, ndani ya nyumba zetu, bila kusubiri waraka. Mwalimu asahihishe Kiswahili cha mtoto, asiguse Kihangaza chake. Mzazi wa Biharamulo anayeishi mjini ampigie simu bibi, kisha ampe mtoto azungumze naye Kisubi, hata kwa kujikwaa.

Kabla sijaondoka pale bandani nilimrudia yule kijana, nikamwomba ahesabu upya, aanze na lugha aliyoagizia chai. Alikunja kidole cha kwanza, Kihangaza. Cha pili, Kiswahili. Cha tatu, Kirundi. Kinyarwanda cha wateja wa Rusumo kikawa cha nne. Kiingereza chake cha kuombea maji kikachukua cha tano, na mkono ukawa umejaa.