BOTI YA ALUMINI NA MASHINE YAKE

Katika maziwa ya Marekani, ambako jamaa nyingi huvua samaki wa besi siku za mapumziko, boti ya alumini hupendwa na wenye kipato cha kadiri. Tangu mwaka 1978, Bass Tracker ya Missouri ilipoanza kuuza boti, mashine na trela kwa bei moja, kununua kumekuwa rahisi. Kuchagua bado ni kazi.

Kwanza na kisomwe kibao kilichobandikwa ndani ya boti. Sheria ya mwaka 1971 ndiyo iliyofungua njia ya kuwalazimisha watengenezaji wa boti zisizofika futi 20 kuonyesha humo idadi ya watu, uzito na nguvu ya mwisho ya mashine. Mume akitamani nguvu za farasi 60 ilhali kibao chasema 40, mke na amkatalie bila haya: tezi hulemewa, na penye kona kali watoto hutupwa majini. Mashine dhaifu mno nayo ni hasara, kwani huungurumishwa kutwa, ikala mafuta bure.

Tezi yenye kimo cha inchi 20 hutaka mashine ya mguu wa inchi 20; ukiwa wa 15, rafadha hunyonya hewa.

Boti za ribiti ni nafuu kuliko zilizochomelewa, ila ribiti hulegea kwa kupigwapigwa na mawimbi. Anayenunua boti kuukuu na aitilie maji kidogo ikiwa juu ya trela, kisha ainame atazame kama yadondoka.